Si Ubaoni, Ni Chunguni: Historia ya Kuwafundisha Watoto Lishe kwa Vitendo



Ndugu msomaji, muhula uliopita mzazi mmoja alinisimamisha mlangoni mwa madrasa baada ya sala ya Alasiri. Alikuwa na adabu zake, lakini uso ulionyesha kuwa ana jambo. "Ustadh," akasema, "mwanangu nimemleta hapa asome, na ada ninalipa. Jana karudi nyumbani ananiambia kutwa walikuwa wakimenya maharage. Haya ndiyo masomo?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu watu walikuwa wanapita, lakini moyoni niliona kuwa swali lake ni la haki. Mzazi anayeuliza mtoto wake anafundishwa nini ni mzazi anayejua amana. Nikamwahidi kuwa nitaandika. Makala hii basi ni jibu kwake, na kwa kila mzazi mwenye swali kama lake, na inshaallah tutaona kuwa maharage yale yana historia ndefu kuliko tunavyodhani, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa kwetu Uganda.

KUMI KWA KUMI

Kabla ya historia, niseme kwanza kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafundisha somo la afya kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na mmoja. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilichora ubaoni makundi matatu: vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kutia nguvu, na vyakula vya kulinda mwili. Wakanakili, tukakariri pamoja mpaka madirisha yakatetemeka. Mtihani ulipokuja, binti mmoja akapata kumi kwa kumi. Nikamsifu mbele ya wenzake.

Jioni moja nikapita kwao. Nilimkuta kibarazani amempakata mdogo wake wa kiume, wa kama mwaka mmoja na nusu. Mama yao alikuwa ndani na kichanga. Yule mdogo mashavu yake yalikuwa yamejaa, na miguu imejaa, lakini alikuwa kimya, hachezi. Mimi, ustadh wa somo la afya, nikasema: "Mashaallah, huyu anashiba." Dada yake alikuwa anamlisha muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi.

Haikupita wiki, jirani yao ambaye ni muuguzi akamwona mtoto yule. Akambonyeza mguu kwa kidole, na alipoondoa kidole, shimo likabaki. Ule haukuwa unene, ulikuwa ni maji. Mtoto akakimbizwa hospitali, akalazwa muda mrefu, na alhamdulillah akapona. Lakini kilichoninyima usingizi ni kwamba nyuma ya mlango wa nyumba ile ile kulikuwa na gunia la maharage. Binti yangu wa kumi kwa kumi alijua kuandika kuwa maharage hujenga mwili. Hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha namna ya kuyafanya yaliwe na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtu huyo nilipaswa niwe mimi.

UGONJWA WA MTOTO ALIYEPISHA MWENZAKE

Sasa turudi nyuma. Ugonjwa wa mtoto yule unaitwa kwashakoo, na wengine kwa Kiswahili huuita unyafuzi. Jina kwashakoo limetoka kwa Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaica mwaka 1893, alikwenda kufanya kazi huko mwaka 1929, enzi hizo nchi ikiitwa Gold Coast. Aliwaona watoto wanavimba miguu, ngozi inabambuka, nywele zinabadilika rangi, kisha wanakufa. Mwaka 1933 akaandika juu ya ugonjwa huo akiuhusisha na chakula cha mahindi matupu, na mwaka 1935 akaandika tena, safari hii akitumia jina ambalo wenyeji walikuwa nalo siku zote. Kwa maana yake, ni ugonjwa unaompata mtoto pale mwenzake anapozaliwa.

Tuangalie hapo. Akina mama wa Kiga walikuwa wameshaona nani anaugua na lini. Daktari naye aliwauliza, akasikiliza, akalichukua jina lao. Baadhi ya madaktari wenzake hawakukubali haraka. Wako waliosema kuwa huu ni ugonjwa wa ngozi uliokwisha julikana tangu zamani, uitwao pelagra. Hapa Uganda, Daktari Hugh Trowell naye aliwahi kushika maoni ya namna hiyo kabla ya kubadilika.

Baganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, na wao pia waliuhusisha na mimba mpya ya mama. Yaani watu wa Ghana na watu wa Buganda, ambao hawajaonana, waliona jambo moja. Mtoto anaondoshwa ziwani ghafla kwa sababu mwingine yuko njiani, na kinachochukua nafasi ya maziwa ni ndizi tupu, au muhogo mtupu, au uji wa mahindi mtupu. Tumbo linajaa na mwili unabaki na njaa. Si bure kuwa Qur'an imetaja miaka miwili ya kunyonyesha (Al-Baqara, 233). Na madaktari wa leo wanatuambia kuwa mtoto aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, ila akitimiza miezi 6 aanze kuongezewa chakula kingine, kwani maziwa peke yake hayamtoshi tena.

Mwaka 1950 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula yaliwatuma Brock na Autret kuzunguka Afrika kuuchunguza ugonjwa huu, na ripoti yao ikatoka mwaka 1952. Mwaka 1954 Trowell pamoja na wenzake wa Kampala, Davies na Dean, wakatoa kitabu kizima juu yake. Kwa miaka ile, aliyetaka kujifunza kwashakoo alikuja Mulago.

Niongeze kuwa elimu haikusimama hapo. Zamani ilisemwa kuwa kwashakoo ni upungufu wa protini na basi. Leo wataalamu hawasemi hivyo. Wanaona kuwa mambo mengi hukutana, yakiwemo chakula cha aina moja, maradhi ya mara kwa mara, na hali ya utumbo wenyewe. Lakini kwamba chakula cha aina moja tu ni hatari kwa mtoto mdogo, hilo halikubadilika.

MULAGO: DAWA ILIYOISHIA GETINI

Katika miaka ya 1950 madaktari wa Mulago walijua namna ya kuwatibu watoto hawa kwa maziwa maalumu. Watoto walipona, wakarudishwa nyumbani. Baada ya muda baadhi yao wakarejea wakiwa vile vile, au wadogo zao wakaletwa kwa maradhi yale yale.

Sababu iko wazi ukiifikiria. Hospitali ilimpa mtoto kitu ambacho nyumbani hakipo. Mama alikaa pembeni akiangalia, mtoto akapona mikononi mwa watu wengine, na mama akaondoka na mtoto mzima lakini hana elimu mpya. Akaona kuwa dawa ni maziwa ya hospitali, na maziwa yale yaliishia getini.

Ndipo mwaka 1965 pakafunguliwa pale Mulago kituo kilichoitwa Mwanamugimu. Aliyekuwa profesa wa afya ya watoto Makerere, Derrick Jelliffe, alikuwa miongoni mwa walioisukuma kazi hiyo. Jina lenyewe limetokana na methali ya Kiganda yenye maana kwamba mtoto mwenye afya huanzia kwenye mbeleko, yaani mgongoni mwa mama yake.

Pale Mwanamugimu mama hakukaa pembeni. Mama alikaa na mtoto wake, akaenda jikoni, na akapika kwa vyakula vinavyopatikana sokoni na shambani kwake. Chakula kikuu walichofundishwa ni kitobero. Neno hili linatokana na kitenzi cha Kiganda chenye maana ya kuchanganya. Unachukua ndizi, au viazi, unachanganya na maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakamenywa ganda na kupondwa, au karanga za kusaga, unatia dagaa waliosagwa, wale tunaowaita mukene, au maziwa kidogo, na mboga za majani kama dodo. Unafunga katika jani la mgomba na kukipika kwa mvuke ndani ya chungu kile kile cha matoke ya watu wazima. Hakuna chungu cha pili, hakuna kuni za pili. Kwa mama mwenye kazi nyingi, hilo si jambo dogo.

Mama aliona kwa macho yake miguu ya mwanawe ikinywea, na kicheko kikirudi, kwa chakula alichopika yeye. Aliondoka na elimu mkononi. Kituo hicho kilipita katika miaka migumu ya nchi yetu na jina lake linaendelea Mulago hadi leo.

SHAMBA LA SHULE NA MRADI WA MTOTO

Msomaji atasema: hayo ni ya akina mama, mwanafunzi wa shule ya msingi anaingiaje? Sasa tuje kwake.

Wazo la kumfundisha mtoto kwa kazi ya mikono lina historia yake. Huko Chicago, Marekani, John Dewey alifungua shule mwaka 1896 ambamo watoto walipika, walishona na kutengeneza vitu, na hesabu na sayansi zikafundishwa kutokana na kazi hizo. Kule Massachusetts, kuanzia mwaka 1908, Rufus Stimson aliwapa vijana wa shule za kilimo kazi za kufanya kwenye mashamba ya nyumbani kwao, na mwalimu akawafuata huko huko kuwakagua. Mwaka 1918 William Kilpatrick akaandika makala iliyolieneza jina la "mradi" katika ualimu duniani. Alichosisitiza ni kuwa mtoto awe na lengo lake katika kazi ile, aitake kwa moyo wake.

Jirani zetu Tanzania nao walikuwa na jambo lao. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia shamba, na wanafunzi washiriki kupanga kazi, kufanya kazi, na kuamua juu ya mazao. Wazo lilikuwa jema. Lakini sisi sote tuliosoma katika nchi hizi tunajua shamba la shule liligeuka nini mahali pengi. Aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alipewa jembe. Mazao hukujua yalikwenda wapi. Mimi mwenyewe nililima matuta mengi nikiwa mwanafunzi, na sikumbuki hata siku moja mwalimu aliyetuambia kwa nini tunapanda maharage na nani atayala. Tulijifunza kulichukia jembe.

Basi tuelewe tofauti. Kazi ya kulazimishwa si mradi, hata ikifanyika shambani. Mradi unaanza na swali la mtoto mwenyewe, na unaishia kwa jibu ambalo mtoto anaweza kulipeleka nyumbani.

MTOTO KWA MTOTO

Njia hizi mbili, ya chungu cha Mwanamugimu na ya mradi wa shule, zilikutana mwaka 1979.

Daktari mmoja Mwingereza, David Morley, alifanya kazi Nigeria katika miaka ya 1950. Alitambua jambo ambalo sisi tunaliona kila siku mpaka hatulioni tena: katika vijiji vyetu mlezi wa mtoto mdogo mara nyingi ni mtoto mwenzake. Mama yuko shambani au sokoni, na aliyembeba kitoto mgongoni ni dada wa miaka minane. Huyo dada ndiye anayelisha, anayembembeleza, na anayeona kwanza kuwa kitoto leo hakichezi.

Mwaka 1979 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto. Watu wa elimu na watu wa afya katika Chuo Kikuu cha London, wakiongozwa na Hugh Hawes na Morley, wakaanzisha mpango ulioitwa Mtoto kwa Mtoto. Wanafunzi wa msingi wafundishwe afya na lishe kwa ajili ya wadogo zao, si kwa ajili ya mtihani. Somo liwe na hatua: watoto walielewe jambo, wachunguze nyumbani na mtaani, wajadili walichokiona, wapange la kufanya, wafanye, kisha warudi waulizane kama limefaa. Mpango huo ulienea nchi nyingi, na Uganda ilikuwa miongoni mwao.

Kifaa kimoja walichokitumia kina asili ya Baghdad. Daktari Adnan Shakir wa Iraq alipima mikono ya watoto kwa utepe wenye rangi tatu, ambao uliweza kukatwa kutoka kwenye filamu za eksirei zilizokwisha tumika. Yeye na Morley waliandika juu yake mwaka 1974. Unapima mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Kijani ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Kwa vipimo vya enzi hizo chini ya sentimita 12.5 ilikuwa nyekundu. Siku hizi, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, na manjano ni kutoka 11.5 hadi kukaribia 12.5. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuutumia, kwa sababu rangi haihitaji herufi.

Lakini nawaomba mkumbuke miguu ya yule mdogo wa binti yangu. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili anaweza kuwa hatarini hata kama utepe unasema kijani. Huyo hapelekwi jikoni, anapelekwa hospitali siku ile ile.

TULIVYOFANYA SISI

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, siku ya maharage ilikuwa hivi.

Kwanza watoto walipewa daftari dogo, wakaandika kwa siku saba kila alichokula mdogo wao, au mtoto wa jirani kwa asiye na mdogo. Hatukuwaambia kuwa ni vibaya au vizuri. Niliwakataza pia kusoma daftari la mwingine kwa sauti, kwa sababu chungu cha mtu ni sitara yake, na umaskini si aibu ya kuanikwa darasani. Tulichangia majibu pamoja bila majina. Wenyewe wakagundua: siku baada ya siku, chakula cha rangi moja. Nyeupe asubuhi, nyeupe mchana, nyeupe jioni.

Ndipo mtoto mmoja akauliza, "Ustadh, mbona maharage tunayo lakini mdogo wangu hapewi?" Mwingine akamjibu, "Yanamuumiza tumbo." Hilo ndilo swali nililolisubiri miaka yote, na halikutoka kwenye ubao wangu. Tukaita mama mmoja mzee wa mtaani kwetu anayejua kitobero. Akatufundisha kuloweka, kumenya, kuponda na kufunga katika jani. Watoto wa kiume walimenya pia. Wako waliosema hiyo ni kazi ya dada zao, nikawakumbusha kuwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake kazi za nyumba. Wakanyamaza, wakamenya.

Kumenya maharage ni kazi ya polepole, na hiyo ndiyo "kutwa nzima" mwanao aliyokuambia. Lakini katika kutwa hiyo walipima kwa vikombe, wakagawa kwa mafungu, wakapiga hesabu ya bei ya sokoni na kuona kuwa mfuko mmoja wa biskuti ungenunua maharage ya siku kadhaa. Waliandika maelezo ya mapishi kwa maneno yao, na kila mmoja akabeba fungu lake la jani kwenda nyumbani. Wiki iliyofuata walirudi na habari. Wako waliosema mdogo wao alikula akalia kutaka tena. Mmoja alisema bibi yake alicheka, akasema sisi tulikula hiki utotoni, nani aliwaambia mkiache? Na mmoja alisema nyumbani hawakupika, kwa sababu hakukuwa na maharage. Huyo naye alitufundisha, kwani mradi hauzai chakula pasipokuwapo. Nyumba ile inahitaji jirani kabla ya kuhitaji mwalimu, na watu wa msikiti wameshaelezwa kwa siri.

JIBU LANGU

Mzazi mwenzangu, uliniuliza kama haya ndiyo masomo.

Niliwahi kufundisha yale unayoyaita masomo. Nilikuwa na ubao safi, madaftari mazuri na mwanafunzi wa kumi kwa kumi, na mdogo wake alikuwa anavimba miguu huku gunia liko nyuma ya mlango. Mulago walijifunza kuwa kumponya mtoto bila kumshirikisha mama ni kazi nusu. Mpango wa Mtoto kwa Mtoto ulitukumbusha kuwa mwanafunzi wetu naye ni mlezi tayari, tumtambue au tusimtambue.

Sikuombi uache kudai hifdhi na hesabu. Dai, ni haki yako. Nakuomba jambo moja tu. Mwanao akirudi tena na harufu ya jani la mgomba mikononi, usimuulize mtihani ni lini. Mpe sufuria, umwambie, "Haya, mwanangu, tuonyeshe ulichojifunza."

Na yule binti? Leo ni msichana mkubwa. Siku ile ya maharage alikuja kumchukua mdogo wake kutoka darasani kwangu, yule yule aliyekuwa kibarazani, sasa ana meno makubwa ya mbele na haishi maneno. Alikuwa amemenya maharage mengi kuliko wenzake, na vidole vyake vilikuwa vimesinyaa kwa maji.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.